Sisi Tuliotia Saini Hapa Chini

Siku ya tano simu ilikuwa bado haijalia. Sultanali aliilaza juu ya meza ya jikoni, kando ya chupa ya chai. Akaigeuza uso juu, kisha akaigeuza uso chini, kwa kuwa alihisi inamtazama. Ghorofa kumi na moja chini yake miti ya bonde la mto Don, mjini Toronto, ilikuwa imekwisha pukutika, na barabara kuu iliyokuwa imejificha majira yote ya joto sasa ilionekana wazi, magari yakipita bila kukoma.

Mwanawe, Mohamedjaffer, aliishi Edmonton, saa nne kwa ndege. Kwa miaka mitatu alikuwa akipiga simu mara tatu kwa wiki, pengine nne, na kila mara walizungumza jambo moja tu: timu ya besiboli ya Toronto. Hawakuulizana afya. Hawakumtaja mke wa Mohamedjaffer, ambaye Sultanali alimwona mara moja tu, makaburini. Walizungumza nani katupa vizuri, nani kapiga hewa, nani ameumia goti. Simu ikikatwa, Sultanali alikuwa akikaa nayo mkononi kitambo, kama mtu aliyeshikishwa kitu na mwenyewe akasahau kukirudia.

Sasa meneja mkuu wa timu alikuwa ameachia ngazi. Ilitangazwa Alhamisi, mwisho wa Oktoba ya mwaka 2015. Ndiye mtu aliyekuwa akiwaleta na kuwaondoa wachezaji, na mwaka ule kikosi chake kilikuwa kimeingia mchujo wa kuwania ubingwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili. Kisha, rais mpya wa klabu akiwa anakaribia kuingia ofisini, meneja akakataa mkataba na kuondoka. Mji mzima ukachafukwa na moyo. Redioni watu walipiga simu wakilia kama waliofiwa, wengine wakitukana. Dereva wa basi la mtaa wao, Flemingdon, alisimamisha gari kituoni kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa, abiria wamalize ubishi.

Jioni ileile Mohamedjaffer alipiga.

"Baba, mimi basi," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mtoto wa miaka tisa aliyetolewa Tanga mwaka themanini na nane. Hakikuwa kimekua tangu hapo, na penye pengo alijaza Kiingereza. "Mtu amejenga timu, wanamwacha aende hivi hivi? Sitazami tena. Nimezima."

"Umezima nini?"

"Yote. Mpaka warudishe mtu wetu, mimi siko."

Akakata.

Sultanali alibaki amesimama, wala hakuwa na huzuni yoyote juu ya yule meneja. Aliloliona ni njia nyembamba iliyobaki kati yake na mwanawe, ikifungwa na watu wenye suti asiowajua.

Zamani njia ilikuwa Khatoon, mkewe. Maneno yote ya baba na mwana yalipita kwa mama. "Mwambie baba yako", "mwambie mwanao", na Khatoon akiyapunguza makali katikati. Mohamedjaffer alipooa nje ya jumuiya yao ya Kishia mwaka 2009, Sultanali alikataa kwenda harusini. Khatoon alipanda ndege peke yake, akiwa na koti la baridi aliloazima kwa jirani. Miaka mitatu baadaye Khatoon akafariki. Mwana alikuja kuzika, akarudi, na baba yake hakupata la kumwambia zaidi ya kumuuliza kama ndege itaondoka kwa wakati.

Kisha Novemba ya mwaka huohuo simu ikalia. "Baba, umesikia? Wamechukua karibu nusu ya timu ya Miami!" Sultanali hakuwa anajua lolote. Alikuwa mtu wa kriketi, mpigaji wa klabu ya jamaati, ile jumuiya yao, kule Tanga, na besiboli aliiona ni kriketi iliyopata ajali. Lakini alijibu, "Nimesikia. Unaonaje wewe?" Kesho yake akaenda maktaba kuazima kitabu cha kanuni. Wakati huo bado alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha miwani karibu na Don Mills, ambako alisaga lenzi miaka ishirini na mitatu, na kwenye mapumziko alikisoma kitabu kile kama mtu anayejiandaa na mtihani wa uraia.

Mwaka huu mchujo uliangukia Muharram. Timu ilitolewa usiku wa kuamkia Ashura, kilele cha maombolezo, naye alikuwa msikitini katika kanzu nyeusi, simu imezimwa kwa heshima ya siku. Alipoiwasha asubuhi alikuta mwanawe amepiga mara sita. Hilo nalo lilimsumbua. Pengine, alijiambia, kijana alikuwa amekwisha kuvunjika moyo usiku ule, na mimi sikuwepo.

Siku ya sita, badala ya kuendelea kuitazama simu, alichukua karatasi.

Sultanali alikuwa katibu wa jamaati ya Tanga kwa miaka kumi na moja. Alijua jambo moja kwa hakika. Mwaka themanini na nne kamati ilimfukuza mwalimu wa madrasa, na yeye akapita nyumba kwa nyumba akikusanya saini hadi mkutano mkuu wa dharura ukaitishwa. Watu wakapiga kelele mpaka saa ya sala, na mwalimu akarudishwa. Hivyo ndivyo taasisi zinavyonyooshwa. Aliandika kwa mwandiko wake wa kusimama: *Sisi wanachama tuliotia saini hapa chini, kwa heshima zote, tunaomba uitishwe mkutano mkuu wa dharura ili kujadili kuondoka kwa Meneja Mkuu na kumrejesha kazini.* Chini akapiga mistari mitatu ya wima kwa rula: jina, saini, namba ya uanachama.

Alhamisi, baada ya majlisi ya maombolezo msikitini, alisimama kwenye makabati ya viatu. Hapo hakuna anayeweza kukukwepa. Mtu mwenye soksi hana pa kwenda.

Rafiki yake Hyderali, aliyesoma naye tangu darasa la kwanza, aliushika waraka kwa mbali. "Sultanalibhai, hii ni kampuni. Wanachama gani?"

"Mimi nanunua kofia yao, natazama mechi mia na sitini kwa mwaka. Wewe jamaati unahudhuria mara ngapi?"

"Usiniingize mimi. Namba ya uanachama ya nini?"

"Saini isiyo na namba si saini. Umesahau Tanga?"

"Kwa hiyo niandike namba ya msikiti kwenye barua ya besiboli!"

"Andika, bwana. Watu wanasubiri viatu vyao."

Hyderali alisaini huku akitikisa kichwa. Mohamedtaki, fundi saa, alisaini bila kusoma. Mzee Kazim, mwalimu wa madrasa, alisoma mara mbili, akasahihisha nukta, ndipo akasaini. Wengine walikataa, mmoja alisema Muharram si mwezi wa michezo, na Sultanali akainamisha kichwa, akampisha achukue viatu vyake. Ruqayyah, binti wa Hyderali, aliyecheza na Mohamedjaffer utotoni kwenye korido za Flemingdon, alisaini kisha akaupiga picha waraka kwa simu yake.

"Unapiga ya nini, mwanangu?"

"Kumbukumbu, Uncle," alisema, akicheka kwa pembeni.

Kwenye lifti ya jengo lao Sultanali alimkuta Leonce, kijana wa Bukoba anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. "Mzee, mimi sina namba ya uanachama."

"Andika namba ya mlango."

Hesabu ikawa arobaini na tatu. Kesho yake mchana alivaa koti, akapanda basi, kisha treni ya chini ya ardhi, akashuka katikati ya mji na kutembea hadi uwanjani. Njiani alijiuliza atasema nini kama rais mwenyewe atamwita ndani, na papo hapo akajiuliza atasema nini kama hakuna atakayemwita. Uwanja ulikuwa kimya, paa limefungwa, upepo wa ziwani ukisukuma vikombe vya karatasi kwenye lango. Alizunguka hadi akaona mlango wa kioo na mlinzi nyuma ya meza, mwanamke mrefu, beji kifuani: *Jeptoo*.

Alimweleza kwa Kiingereza. Akasikia lafudhi ya jibu lake, akabadilisha lugha. "Samahani, binti. Unajua Kiswahili?"

"Mimi ni wa Eldoret, Mzee. Na wewe?"

"Tanga."

"Nilijua tu. Hiyo Kiswahili yako imepigwa pasi." Alifungua bahasha, akasoma polepole, mdomo ukijizuia. Alipofika kwenye safu ya namba aliinua macho. "Mzee wangu, hawa watu hawana wanachama. Wako na mashabiki tu."

"Tofauti ni nini?"

"Mwanachama akikasirika anaitisha mkutano. Shabiki akikasirika anazima TV."

Sultanali alishika ukingo wa meza. "Na akishazima?"

"Ah, atawasha tena Aprili, msimu ukianza. Wote huwa wanawasha."

Aprili. Alihesabu miezi kwa vidole ndani ya mfuko wa koti: mitano. Alikuwa na miaka sitini na tano. Alijua mambo mengi yanayoweza kutokea katika miezi mitano. Khatoon alihitaji mitatu tu.

"Basi nipokelee tu," alisema. "Nakala hii igonge muhuri kwamba imepokelewa. Nipate cha kuonyesha."

"Sina muhuri, na siruhusiwi kupokea barua. Inatumwa kwa posta." Alimtazama zaidi. "Cha kuonyesha nani?"

"Mwanangu."

Jeptoo alivuta kalamu mfukoni. "Leta hapa. Hata mimi nimekasirika. Huyo jamaa aliondoka na raha zetu zote. Lakini sina namba."

"Andika ya beji."

Akaandika, kwenye waraka na kwenye nakala. Saini ya arobaini na nne.

Sultanali alitumbukiza bahasha kwenye sanduku la posta nje ya kituo cha treni, akabaki na nakala. Njia nzima ya kurudi alijiona mjinga. Asiyejua kitu husamehewa. Yeye alikuwa amejua tangu Hyderali aliposema neno "kampuni", akaendelea kukusanya saini kwa sababu kukusanya saini kulikuwa ni kufanya kitu, na kukaa jikoni hakukuwa kitu.

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, simu ililia. Alimwaga chai akiifikia.

"Baba." Sauti ilikuwa ngumu. "Ruqayyah ameniletea picha. Ni kweli umewapelekea barua?"

"Nimewapelekea."

Sultanali alisikia upande wa pili maji yakifunguliwa na kufungwa, sahani, sauti ya mwanamke ikiuliza jambo. Amepata aibu, aliwaza. Nimemtia aibu mbele ya mkewe.

"Umeandika 'sisi wanachama'?"

"Ndivyo inavyoandikwa."

"Na namba?"

"Saini isiyo na namba..."

Mohamedjaffer alipasuka kwa kicheko. Alicheka hadi akakohoa, akaiweka simu kando, akairudia, akacheka tena. Sultanali alisubiri, kitambaa cha kufutia chai mkononi, asijue kama anachekwa au anachekewa.

"Baba, hawatamrudisha. Unajua hiyo, eh?"

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Jibu lilikuwepo, tayari, karibu kabisa na ulimi. Miaka sita, tangu harusi ile, lilikuwa hapo. "Ulisema hutatazama mpaka arudi," alisema Sultanali. Zaidi ya hapo hakuweza.

Upande wa pili maji yalifungwa.

"Nisomee," alisema mwanawe hatimaye.

"Nini?"

"Majina. Picha ya Ruqayyah imekata. Nani amesaini?"

Sultanali alivaa miwani, akaikunjua nakala. Wa kwanza yeye mwenyewe. Wa pili Hyderali. "Bado anabishana?" aliuliza mwanawe. Zaidi, akajibu baba. Wa tatu Mohamedtaki. "Aliniharibia saa yangu ya kwanza!" Alikutengenezea, wewe ndiye uliyeitia majini. Wa nne mwalimu Kazim, na Mohamedjaffer akasema mkono wake bado unakumbuka rula ya mwalimu yule, akamwambia mkewe jambo kwa Kiingereza, na yule mwanamke akacheka. Sultanali alisita kusikia kicheko kile. Kilikuwa cha kawaida kabisa, cha mtu anayeosha vyombo.

"Mwambie," alisema, kisha akakosa la kumalizia. "Mwambie huyo mwalimu alikuwa na haki."

"Anakusikia, nimeweka spika. Nitamwambia kwa Kiingereza."

Basi akasoma kwa sauti ya kusikika jikoni kwa watu wawili. Alisoma polepole. Kila jina alilipa ukoo wake, mji aliotoka, maradhi yake, watoto wake walikohamia. Nje giza la Novemba lilikuwa limeingia na taa za magari zikawaka bondeni. Alisoma wa ishirini, wa thelathini, na kadiri kidole kilivyoshuka ndivyo alivyozidi kupunguza mwendo, kwa maana karatasi ile ilikuwa na mwisho, na hakuwa na nyingine.

Baada ya Leonce wa Bukoba, jina la arobaini na tatu, mwanawe aliuliza, "Wamebaki wangapi, Baba?"

Sultanali alitazama. Kulikuwa na jina moja.

"Wengi," alisema. "Halafu kuna waliokataa."