Majike Kumi na Tisa ya Msandali

Siku yangu ya kwanza ya ulinzi wa msitu, vilimani Kibakwe, nilipewa panga, buti mbili zote za mguu wa kushoto, na Bwana Misitu wa kunisimamia. Cheti changu cha masomo ya jioni hakukitazama. Alinionyesha mti mfupi wa majani ya kijivu.

"Nini hiki?"

"Kuni, mkuu."

"Kuni? Huu msandali, bwana mdogo. Watu wanajipaka manukato yake dunia nzima."

Nikafundishwa. Msandali hunyonya mizizi ya miti jirani, kama shemeji aliyekuja kwa siku mbili. Kuna miti dume na miti jike. Jike ndilo lenye matunda, na wezi hulitaka hilo, wakiamini lina mafuta zaidi. Nao hawakati, wanang'oa na mizizi, maana harufu imelala huko. Bibi zetu walibandua kipande cha gome tu, wakachemsha chai nyekundu ya maumivu ya mgongo, mti ukabaki.

Ikaja amri: kila jike lipakwe rangi nyeupe, tulitambue na kulilinda. Nilipanda vilima mpaka kivuli changu kikaomba likizo. Nikapata majike kumi na tisa, nikayapaka kama ninayepaka kanisa.

Wiki mbili baadaye nikakuta mashimo kumi na tisa. Madume yote yamesimama.

"Nani kawaonyesha?" Bwana Misitu akauliza.

"Sijui, mkuu."

"Mtu kawaongoza. Hawakukosea hata mti mmoja."

Mama aliyetupikia kambini akaweka ugali mezani. "Si mmewawekea alama wenyewe, baba zangu?"

Hakuna aliyenawa mikono. Bila jike hakuna mbegu. Kilima kilikuwa kimekwisha.

Nilihamishiwa Haneti, nikarudishwa Kibakwe nikiwa mzee. Mwaka wa kustaafu, korongoni, nikakuta jike moja limejaa matunda mekundu.

"Shikamoo mzee," afisa mpya akasema, daftari wazi. "Umeona jike lolote?"

"Marahaba. Sijaona."

Mimi niliyezoea kuongeza chumvi kwenye kila simulizi, siku hiyo nilipunguza jike moja.

Mpaka leo sielewi kama nililinda au niliiba kwa namna yangu. Naenda kulitazama kila mwezi. Chini yake kuna miche. Kila safari napita upande mwingine, nisije nikawaachia wezi njia ya kufuata.