Kiti cha Nyuma

Iko Jumamosi moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka kichwani, na nimeona nikuandikie habari yake kabla hujaenda mbali na huyo msichana wako. Juzi niliwaona mkipita na pikipiki, wewe mbele unaongea, yeye nyuma kimya. Sikusema kitu. Ukimwambia kijana jambo akiwa juu ya pikipiki, jambo lenyewe linabaki barabarani. Kwa hivyo kaa chini usome.

Ilikuwa miaka ya Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya mkoloni, ikielekea mwisho. Nilikuwa naishi Makongeni hapa Thika, fundi wa mashine kiwandani. Nilitoka kwetu Maragoli na sanduku la mbao na sauti ya besi, na sauti ndiyo iliyonipatia marafiki, maana niliingia kwaya ya kanisa. Katika kwaya ile tulikuwa vijana watano wenye pikipiki na skuta. Usifikiri zilikuwa kama hizi zenu. Yangu ilizeeka kabla sijainunua. Ilivuja mafuta kila mahali, na kelele yake ilijulikana na kuku wa mtaa mzima. Otieno, rafiki yangu wa karibu, alikuwa na skuta aliyoipaka rangi ya kijani mwenyewe, na aliipaka vibaya. Lakini tukijipanga mstari mbele ya kanisa, ungedhani gavana amekuja kusali.

Siku hiyo mwenzetu mmoja alikuwa anaoa kule Ruiru, na sisi ndio wa kuimba. Wasichana wa kwaya wakapanda nyuma yetu, na Wanjiku akapanda kwangu.

Wanjiku ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo. Nje ya wimbo alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalitosha. Kwa miezi mingi nilikuwa nataka kumwambia nimuoe. Mimi, ambaye nasimulia hata ndoto za majirani, neno hilo moja lilikuwa linanishinda. Nikaamua leo ndiyo leo. Niliona pikipiki itanisaidia, kwa sababu watu wawili wakiwa juu yake hawaangaliani macho.

Kuna mambo ya zamani inabidi uyajue hapa, la sivyo utaniona mwendawazimu. Msichana wa kanisa enzi hizo hakumshika mwanamume kiunoni. Alikaa kiupande, miguu pamoja, akashika chuma cha kiti. Halafu Mkikuyu wakati huo hakutoka mahali pake kwenda pengine bila karatasi ya ruhusa. Sisi wa kutoka magharibi hatukusumbuliwa sana, ila Wanjiku yake aliihangaikia siku nyingi, na rinda lake halikuwa na mfuko. Koti langu lilikuwa na mfuko wa kifungo.

"Lete nikuwekee," nikamwambia.

"Usiipoteze, Jafeti."

"Mimi? Nitaipoteza aje?"

Nikafunga kifungo, nikajiona mwanamume kweli kweli.

Tukaondoka. Mimi nilijiweka wa mwisho makusudi, ili wenzangu wasisikie nitakayosema. Mashamba ya mkonge yakapita, ya kahawa yakaanza, na mimi bado sijafungua mdomo. Tulipokaribia Ruiru, bado kama maili tano hivi, tukakuta geti la reli limefungwa, treni inakuja. Wote tukasimama. Sikuzima injini, maana ile ukiizima huna uhakika itawaka tena. Treni ilikuwa ndefu, na mimi nilitazama mabehewa nikipanga maneno yangu kichwani. Geti likafunguliwa, Otieno akapiga honi, tukaondoka.

Hapo ndipo ulimi ukafunguka. "Wanjiku," nikasema, nikipiga kelele kuushinda mlio wa injini, "nina kazi, nina chumba, na nyumbani tuna shamba la mahindi. Mama yangu atakupenda. Mimi mwenyewe nimekupenda tangu siku ile ulimkaripia mwalimu wa kwaya. Nataka nikuoe. Sasa, kama hutaki, sema hapa hapa. Kama umekubali, wewe nyamaza tu."

Akanyamaza.

Mwanangu, nikasikia pikipiki imekuwa nyepesi kama baiskeli. Nikadhani ni furaha. Nikaanza kuimba, nikaimba mpaka Ruiru.

Wenzangu walikuwa wameshashuka mbele ya kanisa wakijipangusa vumbi. Otieno akanitazama, akatazama nyuma yangu, akanitazama tena.

"Jafeti, huyo umembeba ni nani?"

"Mke wangu!" nikasema, kifua mbele.

"Hongera," akasema Otieno. "Lakini ni mwembamba sana, ndugu yangu."

Wakacheka wote. Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Nami nikacheka kidogo, unajua mtu anavyocheka akiwa hajaelewa. Halafu mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa koti, ukaikuta karatasi, na kicheko kikaniishia. Otieno aliona uso wangu, akaelewa.

"Ngai, Mungu wangu," akasema msichana mmoja. "Yuko huko bila karatasi?"

Siku hizo lori la askari lilizunguka barabara zote. Mtu aliyekutwa bila karatasi alipandishwa, na nyumbani wangeweza kukaa miezi bila kujua yuko wapi. Sikungoja mtu aniambie. Niligeuza pikipiki, na njia nzima sikuimba. Nilitazama kila mtaro na kila kichaka cha kahawa nikiogopa kwamba nimemwangusha, na niliogopa zaidi kwamba sikumwangusha, kwamba ameshachukuliwa.

Nilimkuta getini. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kibanda cha mlinzi wa reli, na ungo mapajani, akichagua maharagwe. Mlinzi mwenyewe alikuwa mzee wa Kikamba, jina lake Mutua, amesimama kando na bendera yake kwapani. Nilishuka nikiwa na maneno mia moja, yeye akanyanyua mkono mmoja nikanyamaza.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Huyu mtoto alikuambia anashuka anyooshe mguu. Nilimsikia mimi, na nilikuwa ng'ambo ya reli. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafikiri, mzee."

"Askari wamepita hapa mara mbili. Mara zote mbili nimewaambia ni binti wa ndugu yangu, ameniletea chakula. Mimi ni mtu wa kanisa, kijana. Leo nimesema uongo mara mbili kwa sababu ya shingo yako."

"Shingo yangu?"

"Mungu alikupa ya kugeuka. Ilikuwa na kazi gani nyingine?" Akaishusha sauti. "Hakulia, huyu. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama utarudi. Nikamwambia sijui, mimi simjui huyo kijana."

Nimewahi kupigwa na baba yangu, nimewahi kufukuzwa kazi, lakini hakuna kilichoniuma kama neno hilo. Nikafungua kifungo, nikampa Wanjiku karatasi yake kwa mikono miwili. Akaikunja, akaifunga kwenye leso, akaitia kifuani. Akamshukuru mzee, akamrudishia ungo wake maharagwe yote yakiwa safi. Kisha akaanza kutembea.

"Panda," nikamwambia.

"Nitatembea."

Basi nikasukuma pikipiki kando yake. Kitu kizito sana kile, wacha nikwambie. Baada ya muda akauliza bila kunitazama, "Mzee anasema ulipoondoka ulikuwa unapiga kelele. Ulikuwa unasema nini?"

Nikamwambia. Sikuficha hata kidogo, mpaka ile ya "nyamaza tu."

Akasimama. "Haiya! Ati nikinyamaza nimekubali?"

"Ndivyo nilivyosema."

"Na nikanyamaza."

"Ulinyamaza sana."

Alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe la maili, akicheka na kujipangusa macho, na sikujua machozi mengine yalikuwa ya nini. Alipomaliza alisema polepole, "Jafeti, nilisikia lile lori likija na sikujua nifiche wapi uso. Usiwahi kufanya kimya changu kuwa jibu. Nikinyamaza, ujue siko hapo. Geuka unitafute." Kisha akainuka. "Sasa niulize vizuri, halafu ungoje."

Nikauliza, nikimtazama. Akaenda mbele bila kusema, shamba zima la kahawa likapita, mimi nyuma na pikipiki yangu, jasho mpaka kwenye viatu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikafunga mdomo. Harusi tuliikuta imeisha. Jibu lenyewe lilikuja baada ya misimu miwili ya mvua, nami nililingoja. Ndiye mama huyu anayekumiminia chai kila ukija kwangu.

Basi mwanangu, ninayotaka uyashike ni haya. Mtu akikaa nyuma yako, ni kwamba amekupa uhai wake uubebe, na hiyo si ruhusa ya kumsemea. Ukimuuliza jambo, simama, umtazame usoni, na umwachie nafasi ya kusema hapana. Jibu likichelewa, ngoja. Likikuumiza, lipokee. Kitu chake kinachomlinda, awe nacho mwenyewe mkononi, hata kama mfuko wako una kifungo kizuri namna gani. Na siku utakapojisikia mwepesi sana kwa furaha, punguza mwendo kidogo uhakikishe mwenzako naye yupo kwenye hiyo furaha. Mimi nilirudi nikamkuta kwa sababu ya mzee nisiyemjua. Si kila mtu aliyeachwa njiani siku zile alikutwa.

Mungu akulinde katika safari zako, mwanangu, na amlinde unayesafiri naye. Awape nyumba ambayo kila mmoja akisema anasikika. Na mkifika uzee kama huu wetu, mfike wawili.