Tulisafisha jalala tupate bustani, wamama wakaja kuanika mpunga

Wakuu, poleni na majukumu. Ninachoandika hapa sijakitia chumvi, maana kilivyo tu kinatosha kunichosha. Mtu wa Ifakara anayebisha apite mtaa wetu wa Viwanja Sitini akajionee.

Mimi ni fundi baiskeli. Shule niliishia form two, ila ndoto ninazo.

Nilikuwa Morogoro mjini kwa shangazi, jamaa mmoja akaniuliza, "Ifakara? Kule kwenye matope?" Nikacheka naye, lakini neno lile nikarudi nalo nyumbani.

Niliporudi nikafungua grupu la WhatsApp la usafi. Jirani na kibanda changu kuna kiwanja cha wazi kilichokuwa jalala: pampasi, chupa, kuku waliokufa. Nikasema hapa tutatoa bustani. Miti, mabenchi, mgeni akifika apige picha.

Grupu likajaa. "Ifakara yetu!" "Fahari yetu!" Emoji za moto kila saa.

Siku ya kazi tukatokea saba. Baada ya picha ya kwanza tukabaki wanne. Kuna dada alikuja na glovu nyeupe, akaondoka nazo nyeupe vilevile.

Haya. Jumamosi nne tulizoa, tukasawazisha, tukafagia mpaka pale pakawa kama ua wa padri. Nikapanda miche ya mikungu, ile miti ya kivuli, niliyoiotesha mwenyewe kwenye makopo. Nilikuwa naimwagilia kabla sijanywa chai. Tukasimika na kibao: USITUPE TAKA HAPA.

Mavuno yakaanza. Asubuhi moja nafika, kiwanja kizima turubai. Juu yake mpunga.

Miche yangu imeng'olewa, imepangwa kwenye ndoo ya maji kama mchicha wa kuuza.

Mama Getruda, analima Katindiuka ila anakaa nyuma ya kibanda changu, alikuwa anaugeuza mpunga kwa miguu.

"Shikamoo mama. Miti yangu?"

"Marahaba mwanangu. Hatujaiua, si hiyo inakunywa maji? Ikikua italeta kivuli, na mpunga wa kivulini unaota ukungu."

"Mama, hapa ni pa watu kupumzika!"

"Apumzike nani wakati wa mavuno?"

Wenzake wakacheka hadi mmoja akakaa chini.

Nikasema liwalo na liwe, nakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nageuka hivi, namwona mama yangu mzazi anakuja, kiroba cha mpunga kichwani, turubai kwapani.

"Hongera baba," akaniambia mbele ya watu. "Kumbe ulikuwa unatusafishia pa kuanikia. Mungu akubariki."

Nikamtua kiroba.

Nilinuna wiki nzima. Nikamwaga uchungu wangu grupuni. Nikajibiwa kwa emoji za kulia, basi.

Sasa, kuna jamaa alikuwa analeta taka zake kwa baiskeli. Kibao chetu yeye alikuwa anakitumia kuegeshea baiskeli. Siku moja kaja na kiroba chake kama kawaida. Mama Getruda kamwona, reki mkononi:

"Wee! Unataka mpunga wangu unuke pampasi? Rudi nacho kwa mkeo!"

Jamaa akageuza baiskeli akakimbia nayo bila hata kuipanda.

Mavuno yote hakuna aliyetupa kitu pale. Kila jioni wamama walifagia wenyewe, maana mchele wenye kokoto nani ataula? Mimi nikawa fundi baiskeli tu, nakaa kibandani natazama ndoto yangu ikilindwa na watu walioing'oa.

Halafu mpunga ukaisha. Turubai zikakunjwa, wamama wakaenda zao.

Wiki haikupita, pampasi ya kwanza hiyo hapo. Chini ya kibao, wakuu. Chini ya kibao kabisa! Nusura nilie. Nikaizoa peke yangu.

Nilichojifunza: mahali pasafi hapalindwi na kibao, wala na "fahari yetu" za grupuni. Panalindwa na mtu mwenye kitu chake pale. Sisi tulisafisha ili patazamwe, wamama walisafisha kwa sababu wanapahitaji.

Miche nimeihamishia pembeni, upande wa barabara, kivuli kiangukie njiani. Mama Getruda alikuja kukagua, akasema hapo sawa.

Na sasa mimi niliyetaka kuwafukuza ndiye ninayepita nyumba kwa nyumba: "Shikamoo mama, huna hata mahindi kidogo ya kuanika?" Wananitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

Jana mama yangu kanionea huruma, kaniletea godoro la mdogo wangu kikojozi. Nimelianika katikati kabisa ya bustani, na nikasema asante.

Semeni basi, huko kwenu mavuno yakiisha mnaanika nini? Na wale wa emoji za moto, mimi nipo pale Jumamosi. Njooni na ufagio.