Siku Jiko Halikuwashwa

Mtaani petu kila mtu alimwita Pini, kwa sababu akiwa kazini midomo yake ilibana pini tatu nne, na ukimsalimia alikujibu kwa kutikisa kichwa tu, asije akazimeza. Alikuwa fundi wa nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Nyuma ya pazia aliishi na mumewe, watoto wao wawili na mama mkwe wake. Mama mkwe huyo ndiye aliyemfundisha kushona, mwaka uleule alioolewa.

Sasa yule mama alikuwa mzee na kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Alikula, akafuta mdomo, akasukuma sahani, na kabla vyombo havijaoshwa akauliza, "Humu ndani leo hatuli?" Sikuwahi kumsikia Pini akimjibu kwa ukali. "Tunakula, Mama," alisema, akamkatia kipande cha ndizi.

Kisha maumivu yakaanza. Kila alipokula chakula chenye mafuta, bibi alishika ubavu wa kulia akajikunja. Daktari alimminya tumbo, akasema huenda ni mawe kwenye mfuko wa nyongo, lakini lazima apigwe picha ya ultrasaundi ili kuhakikisha. Asile kitu tangu usiku mpaka picha iishe.

"Na dawa yake ya presha?" Pini aliuliza.

"Ameze asubuhi kama kawaida, kwa funda la maji. Maji matupu kidogo hayana neno. Chai ya maziwa sitaki hata kuisikia."

Kumkataza mtu chakula si kazi ngumu. Kumkataza mtu ambaye muda si mrefu hakumbuki kwamba umemkataza, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Asubuhi ya picha, Pini akiwa bafuni, wifi yake alipita kumjulia hali mama yake kabla ya kwenda kazini. Akamkuta ameketi kitandani, macho yamelowa. "Mwanangu, tangu jana sijatiwa kitu mdomoni." Mtoto gani angevumilia? Wifi alichemsha chai ya maziwa, akapaka mkate siagi, akakaanga na yai. Mama yake alipomaliza, akaosha vyombo na kuondoka na kinyongo moyoni.

Hospitalini, mtaalamu wa picha, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, aliuliza kama bibi hajala.

"Hajala," alisema Pini.

"Nimekula," alisema bibi kwa fahari. "Chai, mkate na yai. Mwanangu ana mkono mzuri."

Pini alidhani ni kuchanganya mambo kama kawaida yake. Lakini kifaa kilipopita juu ya tumbo, mtaalamu alitikisa kichwa. "Bibi kasema kweli. Mtu akila, mfuko wa nyongo hujikamua ili kusaidia kusaga chakula. Umesinyaa hapa, siwezi kukwambia kuna mawe au hakuna. Itabidi mrudi."

Waliporudi nyumbani walikuta wifi, alipokuwa akielekea kazini, ameshatangaza mtaa mzima kwamba mama yake analazwa njaa. Jioni Pini alivuka barabara kwenda kwake. Majirani tulitega masikio, tukingoja moto uwake. Haukuwaka.

"Wifi," alisema, "umemlisha mama yako kwa sababu unampenda. Hata mimi ningemlisha. Kosa ni langu, sikukwambia." Akamweleza habari ya nyongo, taratibu, kama alivyoelezwa. Wifi akainamisha macho.

"Na mimi nimeshakusema vibaya kwa watu."

"Basi zunguka ukaniseme vizuri. Halafu safari hii twende wote."

Siku moja kabla ya kurudi hospitali, mume wa Pini alimkuta kwenye cherehani akifanya jambo ambalo hakuwahi kumwona akilifanya. Pini, aliyekuwa tayari kufumua gauni zima kwa ajili ya mshono uliopinda kidogo tu, alikuwa anashona kipande cha kitambaa upogo kwa makusudi, huku kimekazwa, huku kimelegea.

"Mke wangu, unaumwa?"

"Niache na kazi yangu," alisema.

Asubuhi jiko halikuwashwa. Watoto walikunywa chai kwangu, mume alikwenda kazini tumbo tupu, na Pini mwenyewe hakuonja kitu. Nilipomwambia ajiibie hata kikombe kimoja, alikataa. "Ataniuliza kama mimi nimekula. Nataka nimjibu huku namtazama usoni."

Yaliyotokea hospitalini tulisimuliwa na wifi. Aliletwa mgonjwa wa dharura, foleni ikasimama. Bibi alivumilia, akachoka, akapaza sauti: "Jamani, niulizieni huyu mwanamke, kwa nini ananiua na njaa?"

Benchi zima liligeuka. Mzee mmoja mwenye mkono uliofungwa bandeji akasonya. "Wakwe wa siku hizi!"

Wifi alisimama kumjibu. Pini akamvuta nguo akaketi. Kisha Pini akatoa kwenye mkoba kile kitambaa na mkasi mdogo wa ncha butu, akaviweka mapajani mwa mama mkwe wake.

"Mama, nisaidie. Kazi hii imeharibika."

Bibi alikisogeza kitambaa karibu na macho, akapitisha kidole gumba juu ya mshono. "Nani kashona hii? Mlevi?"

Watu wakacheka.

"Ni mimi, Mama."

"Wewe?" Bibi alimtazama muda mrefu. Kwa miezi mingi alikuwa akimwita 'yule mwanamke' tu. "Wewe mkwe wangu, niliyekufundisha mimi mwenyewe? Unaniaibisha mbele za watu! Sogea hapa uone."

Akaanza kufumua. Mikono iliyokuwa inatetemeka ikishika kijiko ilitulia kabisa kwenye uzi. Alikata, akavuta, akapuliza nyuzi, na muda wote anasomesha: usikivute kitambaa, kiache kiende chenyewe, ukiwa na hasira usikanyage cherehani. Tumbo alilisahau. Pini alikaa kichwa chini kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. "Ndiyo, Mama. Nimekosa, Mama." Wifi aliona machozi yakimdondokea mapajani, naye hakuyafuta. Yule mzee wa bandeji alijisogeza mpaka mwisho wa benchi ili bibi apate nafasi ya kunyoosha kitambaa.

Walipoitwa, mtaalamu hakuhangaika. "Safi, mfuko umejaa vizuri. Na mawe yenyewe haya hapa." Nje, kwenye ngazi, wifi alifungua chupa ya uji mwepesi, wakanywa wote watatu wakipokezana kikombe.

Wiki kadhaa baadaye bibi alifanyiwa upasuaji, akapona vizuri, na ubavu ukanyamaza. Kumbukumbu hazikurudi. Lile neno 'mkwe wangu' lilidumu siku chache, likapotea tena. Nilimuuliza Pini kama halimuumi.

"Linaniuma," alisema, akaendelea kupinda suruali ya mteja.

Wifi sasa huja kila Jumamosi kukaa na mama yake, ili Pini atoke aende anakotaka. Jumamosi ya kwanza tulimngoja apite na kikapu kwenda sokoni, tusimwone. Alikuwa amelala. Alilala mpaka adhuhuri, na wifi alisimama mlangoni akiwafukuza wateja kwa ishara ya mkono, asiseme neno lolote la kumwamsha.