Yule Mama wa Jikoni kwenye Sinema za Bibi

Harufu ya dawa ya kuchua viungo, ile kali ya kuwasha macho, hunirudisha mtaa wa West Side, mjini Buffalo, Marekani, kwenye nyumba ya mbao ya bibi mmoja mzungu aliyetunzwa na mama yangu. Jumamosi nyumbani hapakuwa na wa kubaki nami, basi nilifuatana na mama kazini. Bibi akishachuliwa magoti, sote watatu tulitazama sinema zake za zamani, zisizo na rangi.

Zilikuwa za majumba makubwa, wazungu wakigombana kwa adabu sebuleni. Jikoni palikuwa na mama mmoja mweusi, mnene, kitambaa kichwani. Watoto walimwita Mama, na baba yao naye vivyo hivyo.

Kiingereza kilikuwa bado kinampiga mama yangu chenga. Neno hilo moja alilidaka, akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Kongo:

“Neema, unaona? Ule mama njo mwenye nyumba. Bon, angalia vile anagombeza hata baba muzima!”

Nilimjibu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, kama tulivyozoea watoto wa kule, kwamba yule ni mfanyakazi tu. Alicheka hadi akashika ubavu. “Mufanyakazi gani anapigia bosi kelele?”

Kwetu Kivu, anayeitwa Mama na wakubwa kwa wadogo, kikao hakianzi bila yeye. Na katika nyumba ya bibi, mama yangu naye aliitwa hivyo. Siku ya kwanza alijitambulisha kama wanawake wa kwetu, kwa jina la mtoto: Mama Neema. Binti wa bibi akachukua kipande cha mbele tu, Mama. Loo, mama alivyofurahi! Ndugu zake walikuwa wameishia vitani; sasa aliamini amepata ukoo. “Undugu ni kufaana, si kufanana,” alisema huku akimfunga bibi viatu.

Bibi alifariki wakati wa theluji. Mama alilia kilio cha kwetu, cha kuketi chini. Siku ya maziko alivaa kitenge chake cha heshima, akaniongoza hadi benchi la mbele kanisani, tukakaa na wafiwa.

Binti wa bibi aliinama, akamshika bega kwa upole. Afadhali angefoka. Alisema benchi lile ni la familia, na kwamba Mama angesaidia sana kule jikoni mwa kanisa kupasha chakula moto. Mama hakuelewa. Akanigeukia.

“Anasema nini, mutoto wangu?”

Jamani, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nikatafsiri, neno kwa neno.

Alifunga aproni juu ya kitenge, akapasha chakula chote. Mgeni mmoja alimsifu, akauliza anaitwa nani. Binti wa bibi ndiye aliyejibu. “Mama,” akasema. “Sisi humwita Mama tu.”

Siku hizi naishi Columbus, na sinema hizo nimezitazama tena kwa hasira. Wale waigizaji weusi walijua kulia msibani kuliko mabwana zao, ila hakuna siku tuliyoonyeshwa wakifika kwao. Utotoni nilidhani mama yangu alinyimwa kiti tu. Ukubwani nikaelewa kwamba hata yule wa jikoni lazima alikuwa na mtoto mahali, anamsubiri, na hakuna aliyetaka kujua mtoto huyo anaitwa nani. Kwa desturi yetu, hilo ndilo lilikuwa jina la mamake.