Gobori Chini ya Shuka Jeupe

Mwezi uliopita walibomoa karakana ya zamani nyuma ya nyumba tuliyokulia, huko Nechells, Uingereza. Mvua ikanyesha, na harufu ya vumbi la tofali lililolowa ikanifikia nikiwa kituo cha basi. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili, na harufu ile bado hunirudisha nilipokuwa na miaka saba.

Wakati huo Ayeeyo, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa amelazwa, na mama alishinda naye hospitali. Hakuna aliyeniambia anaumwa nini. Wazazi wangu, Wasomali waliokulia Nairobi, waliingia Kisomali kila nilipokaribia, na Kisomali changu kilikuwa cha kuombea chai tu.

Mchana mmoja nilirudi kutoka shule, baba akanizuia mlangoni.

"Usiingie kitchen, sawa? Kaa hapo sitting room kwanza."

Nikachungulia. Mezani palikuwa na kitu kirefu kimefunikwa shuka jeupe. Kando yake palikuwa na bonge la nyuzi nyeupe kama pamba, vitambaa vilivyochanwa, na beseni la maji yakitoa mvuke.

Vitu hivyo nilivijua. Jirani yetu alipofariki, wanawake walichana sanda na kuandaa pamba sebuleni kwetu, nami nikatazama yote kutoka nyuma ya kochi. Ayeeyo alikuwa amekonda, lakini hata hivyo nilishangaa kuona amebaki mwembamba kiasi kile. Kisha jikoni kikaanza kulia kinu. Sikuelewa maiti anatwangiwa nini, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

"Is it Ayeeyo?" niliuliza, maana nikiogopa Kiswahili kilinitoroka.

Baba akatokea, mikono yake myekundu. Nikapiga yowe.

Akanibeba hadi mezani, akafunua shuka. Lilikuwa gobori bovu, alilolifunika nisije nikaogopa. Baba alikuwa mlinzi wa jumba la makumbusho, na wikendi ile angevaa koti jekundu awaonyeshe wageni jinsi askari wa kale walivyosafisha bunduki: maji moto ndani ya mtutu, nyuzi za kitani kwenye ufito, kisha vumbi la tofali na mafuta hadi chuma king'ae. Tofali alilitwanga kwenye kinu cha iliki cha mama, na chai yetu ilikuwa na mchanga kwa muda mrefu.

"Ayeeyo yuko hai," alisema. "Mama yako atapiga simu."

Kisha akarudi kusugua chuma kilichokwisha kung'aa.

Ayeeyo alipona, akaishi hadi nikawa mwanamke. Alipofariki, shangazi zangu waliniita tumwoshe. Maji ya vuguvugu, pamba, kitambaa cheupe. Safari hii sikuogopa. Tulipomaliza nilimtafuta baba nimwambie mama yake yuko tayari. Nilimkuta peke yake katika jiko la msikiti, akisugua sufuria iliyokuwa safi kabisa.

Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile ya gobori, kati yetu wawili, yeye ndiye aliyeogopa zaidi. Nikachukua kitambaa, nikasimama kando yake, nikaanza kukausha.