Mlio wa Mita

Upande wa pili wa mabati yangu yupo fundi wa magari. Mimi nashona viti vya magari, na ukuta wetu ni mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya namwambia afya. Jina alilipata kwa kusikiliza: mwenye gari anawasha, yeye anainama juu ya boneti, anataja kinachouma. Kisha akanunua waya wa kupimia, ule unaochomekwa chini ya usukani na upande mwingine kwenye kompyuta, na kusikiliza akaacha. Nilimtania kwamba uzee umemletea uvivu.

Juzi waya ukagoma. Kompyuta haioni gari lolote, na teksi ya watu imelala uani tangu asubuhi. Dereva wake alishasema jioni anaichukua, ikiwa imepona au haijapona.

Fundi akafungua kichwa cha waya, akatoa mita. Kioo cha mita hiyo kilikufa zamani, umebaki mlio tu: ukigusa ncha mbili za uzi mzima inalia pii, uzi uliokatika inanyamaza.

Akagusa wa kwanza. Pii. "Umekatika," akasema. Wa pili. Pii. "Na huu!" Wa tatu, pii, akamlaani aliyemuuzia. Nikaweka sindano chini, nikatoka kuchungulia. Mkewe, anayeuza vipuri pale mbele, naye akaacha kupanga plagi. Akaja, akamzunguka, akachuchumaa mbele yake ili mumewe amwone mdomo.

"Baba watoto, inalia."

"Nini kinalia?"

"Mita. Inalia tangu mwanzo."

Akaiweka mita sikioni, akagusanisha ncha. Hata mimi niliisikia. Niliona haya kwa mizaha yangu.

"Usimwambie mtu," akasema, kwa sauti iliyotufikia majirani wote.

Mkewe hakubishana. "Gusa," alimwambia. Kila ikilia aliitikia kwa kichwa. Kwenye uzi wa kijani akatikisa kichwa: hapana.

"Huo kweli haulii, au na wewe umeanza?"

Mama yule alicheka mpaka akajifuta macho. Uzi ulikuwa umeng'oka penye kiungo. Fundi akaulehemu kwa risasi, akafunga, akachomeka, na kompyuta ikaliona gari.

Jioni dereva alifika. Akawasha teksi, akamwambia fundi, kama wanavyopenda wateja wa zamani, "Mambo ya kompyuta baadaye. Hebu isikilize mwenyewe kwanza."

Fundi akainama juu ya boneti, akakaa hapo. Ningekuwa mimi ningebuni ugonjwa wowote, yaishe. Yeye akainuka, akajifuta mikono, akageukia dukani.

"Mama watoto," akaita, "njoo unisikilizie. Mimi sisikii tena."